SOMO: Siku mbili Varanasi, mto Ganga na msosi usio na nyama

Habari wadau. Najua wengi wenu mko India kwa matibabu au masomo, na kila mtu akipata wikiendi anakimbilia Taj Mahal. Leo nawapa Varanasi, wenyewe wanaiita Kashi au Banaras, mji wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, uko jimbo la Uttar Pradesh kando ya mto Ganga. Siku mbili zinatosha kabisa ila ufuate saa za mji wenyewe: alfajiri uko mtoni, magharibi uko mtoni, katikati hapo unakula na kulala. Ukipanga vivutio kumi kwa siku utarudi umechoka na hujaonja kitu.

Hatua ya 1: Lini na kwa usafiri gani
Oktoba mpaka Machi ndo kuzuri. Masika yao, Julai mpaka Septemba, mto unafurika unameza ngazi na boti zinasimamishwa. Desemba na Januari kuna ukungu mzito treni zinachelewa sana, so usikate tiketi ya kuunganisha kwa mbio. Toka Delhi kuna treni ya Vande Bharat, ya kukaa, masaa kama 8, au chukua treni ya usiku ulale. Kwa anayetokea nyumbani moja kwa moja: viza, na cheti cha homa ya manjano, hicho India hawana utani nacho, bila cheti unaweza kuwekwa karantini.

Hatua ya 2: Pa kulala
Kaa maeneo ya Assi kama unataka utulivu, Dashashwamedh kama unataka kuwa katikati ya kila kitu. Magari hayaingii vichochoroni, utatembea, na vichochoro vyenyewe mnapishana na ng'ombe, pikipiki na wakati mwingine jeneza la mianzi linaelekea mtoni, kwa hiyo begi la mgongoni.

Hatua ya 3: Alfajiri, boti
Ghati ni zile ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, ziko zaidi ya 80, na zote ziko ukingo wa magharibi zinatazama mashariki, ndo maana jua linachomoza usoni kwako wakati watu wanaoga na kusali. Patana bei kabla hujakanyaga boti, na uulize ni ya boti nzima au ya kichwa. Mkifika Manikarnika, pale wanapochoma maiti, simu mfukoni. Ni msiba wa watu ule. Atakuja jamaa mpole atakuelezea historia kisha akuombe mchango wa kuni za maskini, mshukuru uondoke.

Hatua ya 4: Chai ya asubuhi (hapa msinikimbize)
Sahau kachori zetu za viazi. Ya Banaras ni kama andazi bapa, ndani wamejaza dengu zilizosagwa na viungo, inapikwa kwenye karai kubwa mpaka inavimba. Muuzaji anaitoboa kwa kidole gumba, anaipondea kwenye bakuli la majani makavu, anamwagia mchuzi wa viazi na dengu wa moto kabisa, unakula umesimama. Pembeni jalebi, mnazijua, zimetoka kwenye shira sasa hivi. Watu wanachanganya chumvi na sukari mdomo mmoja na inakubali. Ikifika saa tano vibanda vingi vimemaliza.

Msimu wa baridi tafuta malaiyo. Ni maziwa yaliyochemshwa, yakalazwa nje usiku yapigwe na umande, alfajiri yanapigwa mpaka yanakuwa povu la njano lenye zafarani na iliki. Unaweka kijiko mdomoni, limeyeyuka kabla hujatafuna. Jua likishakuwa kali hakuna tena.

Hatua ya 5: Hekaluni
Kashi Vishwanath, hekalu kubwa la Shiva, simu haziingii, saa za kisasa haziingii, acha kwenye kabati za kukodi, beba pasipoti halisi. Foleni ni ndefu. Jirani kabisa kuna hekalu la Annapurna, mungu wao wa chakula, na wana simulizi kwamba hata Shiva mwenyewe alikwenda kumwomba chakula akiwa na bakuli mkononi. Mahujaji wanalishwa bure kwa jina lake. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini huku kula kunahesabiwa sehemu ya ibada.

Hatua ya 6: Mchana na jioni
Mchana agiza sinia la sattvik, wali, chapati, dengu, mboga, mtindi, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Ladha inatoka kwenye mvuje, ndiyo, mvuje huu huu wa bibi zetu, ila hapo unakaangwa kwenye samli. Lala. Jioni tamatar chaat (nyanya zilizopondwa na viungo, moto, tamu-chachu), kisha ghati ya Dashashwamedh kwenye aarti, ile ibada ya taa. Ni bure, anayekudai hela ya kusimama kwenye ngazi mpuuze. Wahi mapema.

Siku ya pili rudia asubuhi, halafu nenda Sarnath, kilomita kama 10, Buddha alipohubiri mara ya kwanza. Makumbusho yake yanafungwa Ijumaa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mombasa: Kaka shukran. Mimi Muislamu, nitakula kwa amani?
Jibu: Nyama hutaikuta kwenye hivyo vibanda, shekhe. Ila prasad, kile kinachogawiwa hekaluni, kimetolewa kwa miungu yao kwanza, hapo muulize ustadhi wako. Na Waislamu Banaras ni wengi, wafumaji wa zile sari za hariri wengi wao ni Waislamu.

Mdau yuko Delhi: Namuuguza mama, katoka kwenye operesheni, anatamani kweli kuuona huo mto.
Jibu: Pole sana dada. Daktari aseme kwanza. Akikubali fikieni Assi, ngazi ni nyingi mno kwa mgonjwa, mtafutieni boti aione aarti akiwa amekaa. Msosi khichdi (wali na dengu uliopikwa laini) na mtindi, maji ya chupa iliyofungwa.

Mdau wa Arusha: Thandai vp mkuu, nasikia ina mambo?
Jibu: 😂 Bangi. Bhang pale inauzwa kihalali kwenye maduka yenye leseni, na wengine wanaichanganya kwenye thandai (kinywaji cha maziwa na viungo) na lasi. Sema "bina bhang", yaani bila bhang, kabla hajaanza kuchanganya.

Mdau wa Dar: Tambuu ya Banaras ni kali?
Jibu: Agiza meetha paan, ya tamu, isiyo na tumbaku.

Mdau wa Zenji: Mie nimepangiwa likizo Julai, malaiyo ndo basi tena?
Jibu: Basi tena. Ila ukiwahi mwanzoni mwa mwezi ulizia embe langra, ndo embe lao la Banaras, likiiva ngozi inabaki kijani kwa hiyo usilikatae ukidhani bichi.