Kabla ya Kung'oa Jino, Tafuta Chanzo Chake

Hapa Goma, mtu anayeumwa na jino mara nyingi hupitia kwanza duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya antibiotiki ya amoksisilini, na maumivu yakirudi huomba jino ling'olewe bila mtu yeyote kuuliza kwa nini linauma.

Anza kwa kuangalia jinsi maumivu yanavyokuja na muda yanaochukua. Baridi ikichoma kisha ikapoa mara tu unapomeza maji, huenda ufizi umerudi nyuma au kuna tundu dogo, na jino kama hilo kwa kawaida huokoka. Maumivu yakikawia kwa dakika nzima, au yakikuamsha usiku, shuku kuwa kiini cha jino kimevimba. Hapo antibiotiki haifai kitu, kwa kuwa uvimbe umefungiwa ndani ya jino lenyewe, na tiba huwa ni kusafisha ndani ya mizizi au kung'oa. Jino linalouma unapoachia tonge ulilolibana kwa meno huenda lina ufa. Linalouma likigongwa taratibu kwa mpini wa kijiko huenda limeambukizwa hadi kwenye ncha ya mzizi.

Magego kadhaa ya juu yakiuma pamoja baada ya mafua, na maumivu yakizidi unapoinama, huenda meno hayana kosa: uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, ambao huenda umevimba kwa mafua, umekaribiana mno na mizizi yake. Kwa hiyo mwombe daktari apige picha ya eksirei, ambayo wengi wetu huiita radio, na akuonyeshe kwenye picha hiyo kile anachotaka kukitibu. Ombi hilo si utovu wa adabu. Lakini uso ukivimba hadi chini ya taya, ukapata homa au ukashindwa kumeza, acha uchunguzi wa nyumbani na uende hospitalini saa hiyohiyo.

Madoa ya kahawia yanahitaji uangalifu wa pekee katika mji wetu. Yakiwa yamelingana kulia na kushoto, tena yalikuwapo tangu meno ya ukubwani yalipoota, yaelekea ni athari ya floraidi, madini yaliyomo katika maji, na si uchafu, na kusugua kwa mkaa au mchanga kutakwangua tu ngozi ngumu ya jino. Gesi za volkano ya Nyiragongo huyeyuka katika mvua inayokingwa mabatini, na miamba ya volkano huongeza madini hayo katika baadhi ya chemchemi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji. Daktari anaweza kupunguza madoa ya mtu mzima, ila kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, ambaye meno yake bado yanajengeka ndani ya ufizi, linalopaswa kubadilishwa ni maji anayokunywa. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, na floraidi hubaki sufuriani.