Kabla ya kumpelekea daktari takwimu zake za antibiotiki

Septemba 2014 Mganga Mkuu wa Serikali kule Uingereza, Sally Davies, aliwaandikia barua madaktari wa familia wa vituo vilivyokuwa katika asilimia 20 ya juu kwa kuandika antibiotiki. Iliwaambia kuwa asilimia 80 ya vituo vya eneo lao vinaandika chache kuliko wao. Ndani ya miezi 6 uandikaji ulishuka kwa asilimia 3.3. Uswisi nako madaktari wapatao 2,900 walipewa takwimu zao kila robo mwaka kwa miaka 2, na jumla haikutikisika. Kwa hiyo kutuma tu hakutoshi. Kazi kubwa ni kabla bahasha haijafungwa.

Anza na idadi ya kugawia. Ukimwambia daktari "umeandika antibiotiki mara 300", atauliza: kwa wagonjwa wangapi? Chukua wagonjwa wa kikohozi, mafua na koo, kisha tafuta wangapi kati yao walipewa antibiotiki. Pasipo na kompyuta, fungua rejista ya wagonjwa wa nje uhesabu mahudhurio 100 ya kila daktari, yaliyotawanyika mwaka mzima, si 100 ya mfululizo. Thelathini ni wachache mno: wagonjwa 3 tu wanasogeza takwimu kwa asilimia 10. Ukilinganisha vipindi, Januari ilinganishwe na Januari, la sivyo utakuwa unapima msimu wa mafua.

Utetezi wa kwanza utakaousikia ni "wagonjwa wangu si kama wa wenzangu". Daktari ambaye wagonjwa wake wengi ni watoto ana hoja, na kurekebisha kwa umri ni jambo jema. Ila usichelewe miezi kwa ajili hiyo. Ontario, Kanada, walijaribu ripoti zilizorekebishwa kwa aina ya wagonjwa na zisizorekebishwa, na marekebisho hayakuongeza kitu.

Amua pia nani asipelekewe. Aliye chini tayari, ukimwonyesha wastani ulio juu yake, anaweza kulegea. Mwache, au mpongeze bila kumtajia wastani. Aliye juu usimlinganishe na wastani, maana akiufikia ataona amemaliza. Mlinganishe na robo ya wenzake wanaoandika chache zaidi, kwa sentensi moja na mchoro mmoja:

"Kati ya wagonjwa wako 200 wa kikohozi na mafua, 96 walipata antibiotiki (48%). Robo ya wenzako wanaoandika chache zaidi hawavuki 22%."

Chini yake weka la kufanya. Barua isiyo na hilo humwacha daktari na aibu tupu. Ya Uingereza ilitaja mambo matatu, mojawapo likiwa cheti cha kusubiri: mgonjwa anaondoka na maelekezo ya kuichukua dawa baada ya siku kadhaa kama hajapata nafuu. Kufupisha dozi nako ni ombi jepesi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa aliyezoea kutoka na dawa bado anatoka nayo, ila ni ya siku 5, si 10. Hapo hapo Ontario, barua iliyozungumzia urefu wa dozi ilifanya kazi kuliko iliyoomba wasianzishe dawa.

Takwimu zisifungwe na posho wala adhabu, na majina yasibandikwe ukutani. Ukifanya hivyo, kikohozi cha kawaida kitaanza kuandikwa "nimonia" na asilimia yako itapendeza huku antibiotiki zikitoka zile zile. Dawa ya hilo ni kufuatilia namba mbili pamoja: asilimia ya kikohozi na mafua, na jumla ya antibiotiki zote kwa kila wagonjwa 1,000. Ya kwanza ikishuka huku ya pili imesimama, rudi kwenye rejista uangalie safu ya utambuzi wa ugonjwa. Hesabu pia wanaorudi ndani ya siku 14 na wanaolazwa kwa nimonia au jipu la koo, kwa sababu daktari anayeogopa atakuuliza hilo kabla ya jingine lolote, na ni haki yake kujibiwa kwa namba za kituo chake mwenyewe.