Damu ya chooni usiipe jina kabla ya kupimwa

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kaka yangu alikuwa mvuvi upande wa Ukerewe, na alipoanza kuona damu chooni aliniambia, "Dada, hiki ni kichocho tu, nani wa ziwani hana kichocho?" Hakuwaza ovyo. Kichocho cha tumbo kimejaa huku kwetu na kweli huleta damu. Kituo kimoja kikampa vidonge bila kupima choo, kingine kikasema bawasiri. Mimi nilichokiona ni mkanda wake: matundu matatu mapya, kayatoboa kwa msumari. Alipofika hospitali ya Bugando, saratani ya utumbo mpana ilishaingia kwenye ini. Alikuwa na miaka 47.

Kwa hiyo ukiona damu, nenda kwa daktari na maelezo yaliyokamilika. Imeanza lini? Ni nyekundu inayodondoka, au imechanganyika na choo? Umekuwa ukiharisha au kufunga choo kwa wiki kadhaa, au kimekuwa chembamba? Unamaliza haja lakini unahisi bado? Umekonda, unachoka bila kazi? Omba choo kiangaliwe kwa darubini, mayai ya kichocho na amiba vitafutwe humo. Omba wingi wa damu upimwe. Daktari akitaka kukupima kwa kidole njia ya haja kubwa, kubali. Kaka alikataa kwa aibu, na mpaka leo linaniuma, maana kipimo chenyewe ni dakika moja. Ukishatibiwa kichocho na damu ikarudi, usimeze tena dawa ile ile. Uliza habari za kamera, yaani kolonoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Hata bawasiri ikionekana kweli, juu yake panaweza kuwa na kitu kingine.

Lakini kusubiri damu ni kuchelewa. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na huweza kuchukua hata miaka kumi kabla ya kugeuka saratani. Hakiumi. Kamera ikikikuta, kwa kawaida hukatwa papo hapo. Marekani tangu 2021 wanashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, hata wasiokuwa na dalili. Kipo pia kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, ambacho hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu, kamera lazima ifuate. Huku kwetu usingoje kuitwa, uliza mwenyewe. Na kama mzazi wako, mtoto wako au ndugu wa tumbo moja aliugua, anza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogundulika nao, unaotangulia kati ya hiyo. Kwa hesabu ya kaka, mimi nilipaswa kuanza na miaka 37. Nilikwenda nikiwa na 44.

Maandalizi ya kamera ndiyo kazi. Siku tatu kabla niliacha maharage, dona, mapera na mboga za majani. Nikala wali mweupe na sato wa kuchemsha. Siku ya mwisho ni vinywaji tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Kinywaji chekundu usiguse, kitafanana na damu. Jioni unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kadhaa, kidogo kidogo, na usiende mbali na choo. Iishe yote, maana tumbo likibaki chafu utarudia upya. Mweleze daktari mapema kama una kisukari, au unatumia vidonge vya kuongeza damu au vya kuzuia damu kuganda. Nenda na mtu, kwa sababu sindano ya usingizi inakuacha na kizunguzungu na bodaboda si salama.

Mimi walikikuta kinyama kama punje ya choroko. Wakakikata, wakakipeleka maabara, hakikuwa kimegeuka.

Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 38. Anakuja na meli ya kutoka Nansio wiki ijayo, na mchele wake nimeshauweka.