Wali wa meli, muhogo wa konde: kupanga chakula cha nyumba Unguja na Pemba

Tarehe 20 Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, na bei ya dunia ikapanda hadi kwa wale wasionunua India. Mkulima wa Micheweni au Makunduchi habari hiyo ilimhusu moja kwa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya wali tunaoula visiwani hufika kwa meli. Kuna na siku za kusi kali ambapo hata boti ya kuvuka baina ya Unguja na Pemba haiondoki. Kwa hiyo ushauri wa msimu huu hauanzi na mbolea. Anza na kalenda ya ukutani na kalamu, uandike nyumba yako inakula nini kila mwezi na kinatoka wapi.

Ukimaliza kuandika utaiona miezi yenye pengo. Kwa wengi ni kiangazi, Januari hadi Machi: mpunga umekwisha na mvua ya masika haijashuka. Sasa tia na Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Ile ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu Februari 8, ndani ya ukavu wenyewe, na futari bila muhogo, majimbi na ndizi hakuna anayeitaka. Muhogo huchukua kama miezi kumi kuiva. Anayeutaka mezani Februari aupande Aprili ya mwaka uliotangulia, hapo masika imeshika.

Upande kiasi gani? Nyumba ya watu sita ikila muhogo mara moja kwa siku, kilo tatu zinatosha, yaani kilo 90 kwa mwezi. Tukilihesabia shina kilo mbili tu, ni mashina 45. Panda 60, kwa sababu kima na panya nao wana hesabu zao, na wezi wa usiku pia. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja, mashina 60 hukaa katika kipande cha hatua nane kwa nane. Pengo lako likifika miezi minne, ni vipande vinne kama hicho, na si vyema kuvipanda vyote siku moja. Viwili vipande masika, viwili vuli, upate wa kung'oa kwa zamu.

Wazee husema muhogo ni ghala la ardhini. Ni kweli, lakini ghala hilo huoza likipandwa mbegu mbovu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia haujionyeshi vizuri juu: majani ya chini yana umanjano kando ya mishipa, shina lina michirizi, na ukipasua muhogo unakuta madoa makavu ya kahawia kama kizibo. Kadiri unavyouacha ardhini ndivyo unavyoharibika. Kabla hujakata mbegu, ng'oa shina hilohilo upasue mizizi yake yote. Ukiona doa moja, usichukue hata kijiti. Mwaka 2007 watafiti wa kituo cha kilimo cha Kizimbani, Unguja, walitoa mbegu zinazostahimili zaidi, zikiwemo zenye majina ya Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Muulize bibi shamba wa shehia yako ni konde gani ya karibu bado inazo safi.

Twende bondeni, ambako ndiko kwenye kazi. Mabonde mengi ya mpunga Pemba yanapakana na mikoko, na maji ya chumvi yanaingia. Bamvua ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu hupandisha bahari karibu mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa, na bamvua kubwa za mwaka huangukia Machi na Aprili, miche ikiwa bado michanga. Mpunga hauvumilii chumvi nyakati mbili hasa: unapokuwa mche na unapochanua. Ukipigwa unapochanua, mashuke husimama meupe na ndani yake ni mapepe matupu.

Tuta la kuzuia bahari lijengwe kiangazi, kwa udongo wa mfinyanzi, ukikanyagwa tabaka kwa tabaka. La mchanga ni kupoteza jasho. Mkoko na mchu ulio mbele yake usiukate hata kama kuni zimeadimika, kwani ndio unaovunja wimbi. Halafu lipitie tuta kwa miguu siku mbili kabla ya kila bamvua, umeinama. Unachotafuta ni mashimo ya kaa. Tundu la upana wa kidole gumba maji huanza kulipita polepole, yakachukua udongo kidogo kidogo, na kufikia jioni ya pili mtu anapitisha mguu. Chimbua tundu mpaka mwisho wake, ujaze udongo mbichi, ushindilie kwa mchi. Kuziba mdomo tu hakusaidii, kaa anatokea upande wa pili.

Kwa kutoa maji ya mvua, laza bomba chini ya tuta, na upande wa bahari ning'iniza kipande cha mpira wa tairi kifunike mdomo wake. Maji ya ndani hukisukuma kikafunguka, bahari ikijaa hukibana chenyewe.

Chumvi iliyokwisha kuingia hutolewa na mvua. Yazuie maji ya masika majarubani siku kadhaa, yamwage, uyazuie tena, mara mbili tatu, ndipo upandikize. Yaonje kwa ncha ya ulimi: yakiwa na ladha ya chumvi waziwazi, subiri. Tumia miche ya wiki nne hadi tano, maana iliyokomaa huvumilia zaidi. Majivu usitie, yana chumvi zake.

Upepo nao usiusahau. Kimbunga Kenneth kilipiga Ngazidja, Komoro, mwishoni mwa Aprili 2019, Hidaya kikafika karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Na babu zetu walikiona cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya Pemba. Vyote hivyo vimekuja ndani ya masika. Migomba yenye mikungu itegemeze mapema, na isiwe yote upande mmoja wa konde. Mshelisheli uupogoe matawi yaliyozidi. Ukisimama, utakulisha hata mwaka ambao hukulima.

Mwisho ni mpunga wa mbegu. Uanike, kisha uume punje kwa jino: ikikatika kwa mlio, imekauka. Utie kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana, uandike jina la mbegu na mwezi wa mavuno, na uliweke mbali na pipa la chakula, watoto wasije wakakosea wakatwanga.