Namna ya kuunga nyaya kwa usalama ndani ya sanduku la kuunganishia paneli za sola

Niliwahi kufungua sanduku la kuunganishia paneli, yaani lile ambamo nyaya za paneli hukutana kabla ya kwenda kwenye inveta, juu ya paa la nyumba moja huko Mbezi Beach, nikakuta terminali moja (kishikio cha waya) imekuwa nyeusi, plastiki yake imelainika na kuinama, na waya uliomo ukachomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Paneli zilikuwa nzima na hakuna fyuzi iliyokuwa imekatika. Kasoro ilikuwa skrubu moja ambayo haikukazwa ipasavyo.

Fyuzi haikukatika kwa sababu fyuzi hukatika pale mkondo unapozidi kiwango chake, ilhali kiungio kilicholegea hakiongezi mkondo hata kidogo. Kinachoongezeka ni ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Chukua mstari wa paneli, ambao mafundi wengi huuita stringi, unaotoa ampea 13: kiungio chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kitatoa joto la takriban wati 17 mahali padogo kama ncha ya kidole. Mistari mitatu ikikutana kwenye terminali ya kutokea, mkondo unakuwa ampea 39, na ukinzani uleule utatoa zaidi ya wati 150. Waya ukiachia kabisa, cheche huruka. Umeme wa TANESCO ni AC, unaobadili mwelekeo, na hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche yake hupata nafasi ya kuzimika, lakini umeme wa DC wa paneli, unaokwenda upande mmoja tu, haupiti kwenye sifuri, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka hadi iyeyushe shaba na kulichoma sanduku.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuondoa mkondo. Zima inveta kwanza, kisha swichi kuu ya DC, halafu pima kila waya kwa klampu mita (mita inayozunguka waya bila kuukata) yenye uwezo wa kupima DC. Ikisoma sifuri ndipo ufungue vishikio vya fyuzi. Usichomoe kamwe fyuzi wala kiunganishi cha paneli wakati mkondo unapita. Hata baada ya hapo, nyaya zinazotoka kwenye paneli zinabaki na umeme maadamu kuna mwanga, hata siku ya mawingu, na paneli 10 za volti 50 kila moja zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 500, ambazo zinaua. Tenganisha nyaya hizo kwenye viunganishi vya upande wa paneli kabla ya kuzigusa, na utumie multimita iliyothibitishwa kwa volti za mfumo wako. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye nyumba asomaye haya ayatumie kumkagua fundi wake.

Menya waya kwa urefu unaolingana na terminali, bila kukata uzi hata mmoja wa shaba. Waya wa sola una nyuzi nyingi nyembamba, kwa hiyo uvishe feruli (kibomba kidogo cha chuma) ya saizi yake na uibane kwa koleo maalumu, au lagi (ncha ya chuma yenye tundu) ikiwa terminali ni ya boliti. Wapo wanaopaka lehemu kwenye ncha ya waya wakidhani wanaiimarisha. Naomba waache, kwa kuwa lehemu ni laini, hukandamizika polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi kadhaa kiungio kinakuwa kimelegea chenyewe. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha niutoni mita kilichoandikwa na mtengenezaji wa terminali, kwa maana kukaza kupita kiasi nako huharibu uzi wa skrubu na kukata nyuzi za shaba. Kisha uvute kila waya kwa mkono: usisogee.

Fyuzi ziwe za DC zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, na volti zake zisiwe chini ya volti za juu kabisa za mfumo. Kiwango chake kisipungue mara 1.5 ya mkondo wa shoti wa paneli (unaopita ncha zake mbili zikigusanishwa), wala kisizidi kiwango cha juu cha fyuzi kilichoandikwa nyuma ya paneli. Paneli yenye mkondo wa shoti wa ampea 13.9 inahitaji angalau ampea 20.85, kwa hiyo fyuzi ya ampea 25 itafaa iwapo paneli inairuhusu. Ukienda Kariakoo, usikubali kuuziwa breka ya AC kwa maelezo kwamba breka zote ni sawa. Haiwezi kuzima cheche ya DC ya volti hizi.

Kabla ya kurudisha fyuzi, pima kila mstari peke yake: chanya iwe chanya, hasi iwe hasi, na volti za mistari yote zikaribiane. Mstari mmoja uliogeuzwa husukumiwa mkondo na mingine yote.

Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Kunduchi hula shaba isiyolindwa, kwa hiyo pendelea nyaya na lagi zilizopakwa bati. Sanduku liwe la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji yanayorushwa, likae kivulini, na matundu yote yatobolewe upande wa chini na kuvishwa glendi zinazobana waya, kwani tundu la juu litaingiza maji masika ya kwanza tu. Tundu lisilotumika lizibwe. Sisimizi na mijusi hawakosi.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, wakati wa jua kali la mchana, fundi apime joto la viungio kwa kipimajoto cha mionzi bila kuvigusa. Kinachozidi wenzake kwa joto kizimiwe umeme kwa utaratibu uleule, waya ukatwe hadi ifikiwe shaba inayong'aa, terminali iliyoungua itupwe, na kiungio kifanywe upya tangu mwanzo.