SOMO: Kuondoa kizazi kwa roboti ndogo ya kupitia ukeni (kwa wanaoandaa mgonjwa)

Nimechoka kujibu meseji zilezile za jinsi ya kumwandaa na kumlaza mgonjwa wa roboti hii, naandika mara moja. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, Marekani. Roboti yenyewe ni Hominis, siku hizi inaitwa Anovo, ya Waisraeli. FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, waliiruhusu 2021 kwa matatizo ya kizazi yasiyo saratani.

1. Jina, ridhaa, kipimo cha mimba.

2. Antibayotiki ndani ya dakika 60 kabla ya kisu.

3. Usingizi, halafu mpira wa mkojo.

4. Kumlaza. Hapa ndipo nilipoharibu. Miguu ilikuwa juu ya vishikio, roboti imeshaingia, daktari akaomba kichwa kishushwe zaidi. Nilikuwa nimetandika shuka juu ya sponji ya kuzuia kuteleza. Mama wa watu akateleza kuelekea kichwani, roboti ikabaki ilipo! Tulisimamisha kila kitu, na kwa bahati hakuumia. Tangu siku hiyo sponji inagusa ngozi moja kwa moja, na meza naiinamisha kwa majaribio kabla hatujamfunika. Roboti ikishaingia, meza haiguswi. Usitumie vizuizi vya mabegani, vinabana neva za mkono. Na angalia upande wa nje wa goti: kishikio kikigandamiza pale, mtu anaamka unyayo haunyanyuki.

5. Kamera kupitia kitovuni, gesi ya kaboni dayoksaidi. Daktari anachungulia nyuma ya kizazi. Utumbo ukiwa umegandana pale, roboti inarudi stoo.

6. Tundu nyuma ya mlango wa kizazi, mikono miwili ya roboti, yenye viwiko, inaingia, kamera ikiitazama. Daktari anaiongoza akiwa amekaa.

7. Kizazi kinatolewa kupitia uke, panashonwa.

8. Mikono ya roboti INYOOSHWE kabla ya kutolewa. Sema kwa sauti. Hesabu pamba.

MASWALI

Kibopa: Kwa hiyo roboti inapasua, daktari anakunywa chai?
— Hatua ya 6. Soma.

Kibopa: Bei je?
— Hili ni somo la kulaza mgonjwa, si duka.

Mwanafunzi_Mwz: Shikamoo dada. Kwa nini mikono iwe na kiwiko? Vyuma vilivyonyooka havitoshi?
— Marahaba, swali zuri. Fikiria umeingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na jiko liko nyuma ya mlango huohuo. Chuma kilichonyooka kinalipita. Mikono hii ina bega, kiwiko na kifundo, kwa hiyo inaingia, inapinda na kugeuka kukitazama kizazi kutoka juu, upande uleule ambao daktari wa matundu ya tumboni amezoea.

Mama Shani: Mimi nilifanyiwa kwa matundu, bega likauma siku tatu. Walinikosea kunilaza?
— Pole mama. Mara nyingi ni gesi. Inakera kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva yake inatoka shingoni sehemu moja na za begani. Kutembeatembea kunasaidia. Utumbo ukigoma kuamka baada ya upasuaji, tafuna chingamu.

Mama Shani: Kumbe! Chingamu yoyote?
— Yoyote. Mwenye kisukari achukue isiyo na sukari.

Kibopa: Roboti na chingamu wapi na wapi?
— Hatua ya 4, Kibopa. Rudia.