Koti la pikipiki na koti la "mtindo wa pikipiki": kwa mnaowanunulia bodaboda wa nyumbani

Pauni 220 zimeliwa, na kiwiko cha mdogo wangu kina nyuzi tisa. Naandika hasira ikiwa bado ya moto, maana ikipoa nitaandika kwa adabu na hamtashika kitu.

Ilianza Machi mwaka jana. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko Mwanga pale Kigoma mjini, na alfajiri hupata abiria wa kupanda Manyovu. Anayeijua njia ile anajua: chini huku karibu na ziwa unatoka jasho, ukifika juu milimani baridi inakata vidole. Akanipigia. "Dada, huko si makoti ya ngozi watu wanayatupa tu? Tuokotee hata manne, mimi na wenzangu."

Jamani, nyie mlioko nyumbani, hakuna anayeokota koti la ngozi huku Birmingham, Uingereza. Pesa yake inatoka kwenye zamu za usiku za kugeuza wazee vitandani. Lakini nilikubali, kwanza ni mdogo wangu, pili nilidhani ngozi naijua. Nimekulia kwenye mitumba ya soko la Mwanga, nani atanidanganya?

Nikaingia mtandaoni, nikampata muuzaji mwenye makoti manne yanayofanana, meusi, zipu za mshazari, vishikizo vya kung'aa kwenye kola, mawili yana picha ya ndege tai mgongoni. Pauni 55 kila moja. Tangazo liliandikwa: ngozi halisi, biker style. Nikaona ngozi, nikaona biker, macho yakaishia hapo. Neno la tatu sikulisoma. Nawaomba mlisome nyie kwa niaba yangu. Ukiona style, ukiona fashion, ukiona inspired, yaani limeiga sura tu, hilo koti halijui lami. Hata kama picha ina mtu amekalia pikipiki. Hasa kama picha ina mtu amekalia pikipiki.

Makoti yalipokuja niliyanusa, yakanuka ngozi, nikayafunga siku ileile na kumpa msafirishaji. Hilo ndilo kosa la pili, nitalirudia mpaka mchoke: usifunge mzigo siku uliyoupokea.

Wiki kadhaa baadaye mdogo wangu akateleza kwenye mchanga akishuka Kibirizi kufuata mteja wa dagaa. Mwendo haukuwa mkubwa, na elementi alikuwa nayo kichwani, namshukuru Mungu. Akanitumia picha ya koti kabla ya picha ya mkono, nadhani aliogopa nitalia. Mkono wa koti ulikuwa umefunguka kuanzia kiwiko hadi kifundo. Haukuachia mshono, ilichanika ngozi yenyewe katikati, kama ganda la ndizi mbivu. Na pale penye kiwiko, mahali nilipopapasa nikahisi pedi, kilichungulia kipande cha sponji cha manjano, chembamba kuliko cha kuoshea vyombo.

Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa upole sana, na pole nyingi, kwamba tangazo lilisema style, na mstari wa mwisho kabisa ulisema koti ni la kuvaa mitaani, si la kuendeshea. Nikarudi kusoma. Kweli ulikuwepo.

Sasa sikilizeni sheria inavyokaa hapa Uingereza, kwa sababu hapa ndipo nilipopigwa. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, una siku 14 tangu upokee mzigo kughairi bila hata kutoa sababu, na sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inakulinda bidhaa ikiwa mbovu au haifai kwa kazi yake. Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza vitu vyake, siku hizo 14 hazipo. Anachodaiwa ni kwamba kitu kiwe chake na kifanane na maelezo aliyoandika, basi. Wangu alijiandikisha kama mtu binafsi, na kitu kilifanana na maelezo: mtindo nilipewa. Na hata angekuwa mfanyabiashara, siku 14 zilishaisha makoti yakiwa bado njiani. Kwa hiyo kabla ya kulipa angalia ukurasa wa muuzaji umeandikwa nini, mtu binafsi au biashara. Ukipokea, kaa na mzigo, ukague, ndipo ufikirie Dar.

Nimeishi huku miaka kumi na moja, na jambo hili bado linanishinda. Muuza mtumba wa Mwanga atakudanganya mchana kweupe, ataapa kwa mama yake kwamba koti limetoka Ujerumani juzi, lakini mko ana kwa ana, unamcheka, unamtupia nusu ya bei, mnamalizana. Mwingereza hasemi uongo. Anakuandikia ukweli wote, halafu anauweka mstari wa mwisho kwa herufi ndogo na kukuacha upite. Wenyewe wanauita uaminifu. Labda ndio, ila mimi namuelewa zaidi yule wa Mwanga.

Sababu ya neno style kuwepo kwenye tangazo niliielewa baadaye. Tangu Aprili 2018, kwa kanuni za Ulaya, nguo inayouzwa kama kinga ya mwendesha pikipiki lazima ipimwe na kupewa cheti. Asiyetaka gharama za kupima anashona koti lilelile kwa macho, anaongeza neno style, na anakuwa salama yeye. Kwa hiyo koti la kisasa la pikipiki lina lebo ndani inayojieleza: alama ya CE ya Ulaya, kapicha ka mtu juu ya pikipiki, na namba ya kiwango, EN 17092, yenye herufi za daraja. AAA ndilo gumu kuliko yote, AA linafuata, kisha A. B ni kama A lakini halina pedi za kuzuia kishindo, na C ni la kubebea pedi tu, halikuzuii kuchubuka. Pedi nazo zina maandishi yake: itoe mfukoni mwake ndani ya bitana, utafute EN 1621-1, herufi S kwa bega au E kwa kiwiko, na namba 1 au 2. Mbili ni bora. Kama mfuko wa pedi ni mtupu lakini koti ni zuri, usikate tamaa, pedi zinauzwa peke yake. Kama kilichomo ni sponji isiyo na maandishi, ihesabu kuwa ni hewa.

Ila mengi mazuri ya mtumba ni ya kabla ya lebo hizo. Hapo nilifundishwa na mzee mmoja ninayemhudumia, ana miaka themanini na kitu, aliendesha pikipiki za BSA enzi ambazo kiwanda chenyewe kilikuwa hapa hapa Birmingham, mtaa wa Small Heath. Nilimwonyesha picha ya makoti yangu kwenye simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo la kwendea dansi," akasema. Kesho yake nikamletea koti jingine nililonunua kwenye duka la hisani, yale yanayouza vitu watu walivyotoa msaada. Mikono yake inatetemeka, lakini alilishika mabegani, akalining'iniza hewani, akaniambia nitazame mikono ya koti. Ilikuwa imejikunja mbele kidogo, kama mtu aliyeshika usukani hata asipokuwepo mtu ndani. La dansi mikono yake inaning'inia wima. Akaligeuza: mgongo mrefu kuliko mbele, ili ukiinama kiuno kisibaki wazi, kiunoni nyuma zipu fupi ya kuunganishia suruali, kwenye makwapa mikunjo ya kutanuka, zipu kwenye vifundo vya mikono, na ukanda wa ngozi nyuma ya zipu kubwa ya mbele, wa kuzuia upepo. Akaubana mshono kwa kucha kuona kama una safu mbili za uzi. Mshono mmoja mahali pa bega au kiwiko, lirudishe.

Mimi nikaongeza vipimo viwili vyangu. Mzani wa jikoni: yale ya mtindo yalikuwa kilo moja na kidogo, lile nililompelekea mzee lilipita kilo mbili na nusu. Na kadi ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Tafuta ukingo wa ngozi uliokatwa, ndani ya mfuko au chini ya kola, uweke kando ya kadi. La pikipiki hukaribia milimita 1.1 mpaka 1.4, linaizidi kadi waziwazi. La mtindo linalingana nayo au liko chini. Hapohapo kwenye ukingo utaona pia kama ni ngozi ya kweli: ngozi ina nyuzinyuzi mpaka ndani, ya bandia ina kitambaa chini na utando juu, na ndiyo ile inayobambuka mabegani kama ukoko wa wali. Na jihadharini, ngozi ya kweli pekee haitoshi. Makoti yangu yalikuwa ngozi ya kweli, ya kondoo, laini kama shavu la mtoto. Kondoo ni wa kuvaa harusini. Bodaboda mtafutieni ng'ombe, au mbuzi aliye mnene. Na shemeji zangu mnaoshauri "lichome kiberiti, likinuka nywele ni ngozi": asanteni, hata la kondoo linanuka nywele, na sasa lina tundu.

Mambo ya kulikataa hata kama bei ni ya bure: ngozi inayotoa unga mwekundu ukiisugua, nyufa ukilikunja kiwikoni, na mkwaruzo wa lami begani au ubavuni, kwa sababu hilo limeshaanguka na mwenye nalo. Vuta bitana, angalia na ndani. Wengine wanashona bitana mpya kuficha. Zipu mbovu isikutishe, mafundi wa Mwanga wanaibadilisha wamefumba macho.

Kuna wenzetu wanaotafuta makoti ya zamani kwa ajili ya majina. Lewis Leathers ya London, iliyoanza 1892, au Perfecto ya Schott wa New York, iliyotoka 1928. Zipu zenye jina Talon au Lightning ni dalili ya umri, lakini zipu hubadilishwa na lebo hushonwa upya, kwa hiyo lebo peke yake usiiamini, linganisha na mshono wake na ngozi iliyoizunguka. Ukibahatika kulipata la kweli, tafadhali usilipeleke Kigoma. Liuze huku kwa wanaokusanya, ununue ya ng'ombe kumi ya kawaida. Pikipiki haijui jina la fundi.

Pa kuyapata: maduka ya hisani, lakini siku hizi nao wana mtu anayeangalia bei mtandaoni, na jumapili alfajiri kwenye viwanja ambako watu wanafungua buti za magari na kuuza vya nyumbani. Pale bei inapunguzwa, msione haya. Nendeni kuanzia Oktoba, pikipiki zinapofungiwa mpaka joto lirudi. Mara nyingi anayeuza ni mjane. Niliwahi kununua kwa mama mmoja aliyekuwa na makoti matatu ya marehemu mume wake, ameyapaka mafuta, ameyakunja vizuri, na hakuna mtoto aliyeyataka. Akaniuliza yanakwenda wapi. Nikamwambia kwa vijana wanaobeba abiria Tanganyika. Alinipunguzia pauni tano, akageukia kikombe chake cha chai. Huku pikipiki ni starehe ya mzee aliyestaafu. Kwetu kijana wa miaka ishirini anaikopa ili ale. Na mwenye kinga ya AAA ni yule anayetoka jumapili moja yenye jua. Sijui niseme nini hapo.

Saizi: pimeni kifua kwa inchi, 40 ya Uingereza ni 50 ya Ulaya, na namba za Ulaya ndizo utakazozikuta kwenye makoti ya Dainese na watengenezaji wenzao wa Italia. Futa kwa kitambaa kibichi, kausha kivulini, paka mafuta ya ngozi, funga kwa magazeti, nailoni itaotesha ukungu. Ushuru na basi la Kigoma mnavijua.

Nyie wa nyumbani, tai mgongoni msiniombe tena. Hata uandike "dada mpendwa" mara tatu.

La mjane lilifika Januari. Mdogo wangu katuma picha yuko kijiweni, koti zuri, limekaa, na kalivaa kinyume, mgongo mbele, kama wanavyovaa wote pale. Pedi za viwiko zimeangalia angani. Nikampigia. Akasema dada, nikilivaa sawasawa upepo wa Manyovu unapita kwenye zipu mpaka kifuani. Nikamwambia kuna ukanda wa ngozi nyuma ya zipu, auvute, aufunge kwanza ndipo apandishe zipu. Akanyamaza. Alidhani ni kitambaa kilichozidi, alikuwa anampelekea fundi akikate.